Siku Majembe Yanapolala

Nyumbani kwa mama yangu, Kumsenga, kuna siku moja kwa mwaka ambayo jembe haligusi ardhi. Si Krismasi, si Pasaka, wala si sikukuu ya taifa. Siku hizo zote mama hulima kwanza asubuhi, kisha ndiyo anaoga na kuvaa kitenge kizuri. Siku ninayoisema mimi haimo kwenye kalenda yoyote ya ukutani. Jioni ya kuamkia siku hiyo majembe yote ya nyumba hukwanguliwa udongo, huoshwa, hupanguswa kwa kitambaa, kisha hulazwa chini ya kitanda cha mama. Kesho yake hakuna kulima, hakuna kupalilia, hakuna kuchimba hata kiazi kimoja. Tunakula maharage ya mavuno ya nyuma na ugali wa muhogo, tunakaa uani, na mama anasimulia habari za baba.

Habari zenyewe ni fupi kuliko salamu. "Alikuwa analima. Wakamwita. Akaenda." Basi. Akishasema hivyo ananyanyuka, anakwenda kuwapa mbuzi majani.

Baba alichukuliwa kule Burundi mwaka wa sabini na mbili. Wazee wa kule mwaka huo wanauita Ikiza, yaani balaa, na wakishautaja wanatazama pembeni. Mimi nilikuwa tumboni. Mama alivuka mpaka miguu mitupu, kaka yangu wa miaka mitano akiwa ameshika upindo wa kitenge chake, nami nikiwa mzigo asioweza kuutua njiani akapumzika. Nikazaliwa upande huu, katika nyumba ya watu wasiotujua waliotupa pembe ya kulala. Baba sikumwona hata kwenye picha. Nilichonacho kwake ni ile siku tu, kwa hiyo anayeigusa siku hiyo ananigusa mimi, na mimi sijaumbwa kuguswa nikanyamaza. Ulizeni soko la Kibondo, pale wanapouza maharage, watawaambia.

Nilipokuwa na miaka saba au nane nilichimba kiazi siku hiyo. Nilikuwa na njaa, na sikuona kiazi kimoja kitamdhuru nani. Nilitumia kijiti, si jembe, nikadhani nimekuwa mwerevu. Mama alinikuta naosha kiazi changu kwenye maji ya kuku. Alinichapa kwa ufito wa muhogo mpaka nikaangua kilio. Mama wengine wakishachapa huwa wanasema nyamaza, nisisikie sauti yako. Wangu alikaa chini mbele yangu akanitazama. "Lia," aliniambia. "Lia kwa nguvu. Hapa hakuna wa kukukataza." Nilidhani ananidhihaki, nikamkasirikia siku mbili.

Maana ya maneno yale niliipata nikiwa mtu mzima, tena kwa mgeni. Wakati kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilipofunguliwa tena na Warundi wapya wakajaa, nilikuwa napeleka maharage kuuza huko. Siku moja bibi mmoja alisimama mbele ya magunia yangu, hakuangalia maharage, akaniangalia uso. Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Kumsenga. Akasema, hapana, kwenu kwenyewe. Nikamtajia mlima wa mama, jinsi mama anavyoutaja. Yule bibi akakaa juu ya gunia langu bila kuomba. Ilikuwa ni mlima wao pia, kwenye mteremko wa ng'ambo ya kijito.

"Mama yako bado analaza amasuka?" akaniuliza, yaani majembe, kwa Kirundi.

Nilishtuka. Nilikuwa naamini hilo ni jambo la nyumba yetu peke yake. Bibi akanieleza. Wanaume walipochukuliwa, wake zao walikatazwa kulia. Ukilia, ulionekana umemlilia adui, kwa hiyo na wewe ni adui, na gari lingeweza kurudi kukuchukua. Hakuna kilio, hakuna matanga, hakuna kukusanyika. Lakini mila ya kule ni kwamba penye msiba shamba hupumzika. Basi wanawake wa mlima ule waliosha majembe yao, wakayalaza ndani. Wakubwa walipita, wakaona mashamba yamekaa kimya, wakawaita wavivu. "Mvivu hakamatwi," bibi alisema, akacheka, nikaona ana meno mawili tu ya mbele. "Tulifanya msiba machoni pao na hawakuuona."

Nilimchukua nikampeleka kwa mama. Walikaa siku nzima wakishikana mikono na kutajiana watu. Baadaye kambi ilifungwa, bibi akarudishwa kwao pamoja na wengine, na hatujapata habari zake. Lakini tangu siku ile nilijua tunafanya nini tunapokaa uani pale na maharage yetu. Shuleni nilifundishwa vita vya Maji Maji, nikajua mashujaa walinyongewa wapi na mnara wao umejengwa mji gani, na ni vizuri, waenziwe. Wetu hawana mnara. Hawana kaburi. Wana majembe yaliyolala chini ya kitanda cha ajuza mmoja, na mtu asinijie na habari kwamba hiyo ni kumbukumbu ndogo.

Tarehe ya siku yetu inahama. Baba aliitwa Jumamosi, siku mbili baada ya sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, na mama, ambaye hakusoma, alishika sikukuu badala ya tarehe. Kila mwaka siku inafuata Pasaka, mbele au nyuma. Matata yalikuja parokia ilipoanza kuadhimisha Kupaa siku ya Jumapili ili watu wengi wafike. Katekista alitumwa kumweleza mama. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha togwa, akamwambia, "Bwana alipaa Alhamisi. Kama ninyi mmempangia apae tena Jumapili, hayo ni yenu na yeye." Tangu hapo anahesabu mwenyewe. Siku ya Pasaka anaweka punje arobaini na mbili za mahindi ndani ya kikombe cha bati, na kila asubuhi, kuanzia hiyo hiyo ya Pasaka, anatoa moja anamtupia kuku. Kikombe kikibaki na punje moja, jioni yake tunaosha majembe.

Sasa mama amezeeka. Miguu imevimba, na kuinama kuyasukuma majembe chini ya kitanda hawezi tena, ninayasukuma mimi. Mwaka juzi, siku hiyo hiyo, baada ya zile sentensi zake tatu hakunyanyuka kwenda kwa mbuzi. Alitutazama mimi na kaka, akauliza: "Nikienda, nani atayalaza?"

Nilijibu haraka, "Mimi, mama." Akatikisa kichwa. Mimi nimeolewa, nakaa Kibondo mjini, majembe yangu ni ya nyumba nyingine. Nyumba ya baba ni ya mwanawe wa kiume, na majembe huhesabiwa ya nyumba yanamolala. Alikuwa anamwuliza kaka. Kaka alikohoa, akasema Mungu atakupa miaka mingi, mama. Hilo si jibu, na wote watatu tulilijua.

Kaka yangu ni fundi seremala. Alikaa Kasulu miaka mingi akitengeneza milango na vitanda, akaheshimika, kisha akarudi Kumsenga kujenga karibu na mama. Ni mtu mpole, wa kupima mara tatu kabla ya kukata. Mwaka uliofuata, ndio huu ninaousimulia, watu walimshawishi agombee uenyekiti wa kitongoji. Niseme mapema, ili msije mkasoma mkitafuta kura: uenyekiti hakuupata. Lakini wakati ule alikuwa anautaka, na nilimwona akitembea mgongo umenyooka kama kijana.

Wiki moja kabla ya siku yetu alinijia sokoni Kibondo, asubuhi, sijamaliza hata kutandika turubai.

"Mdogo wangu, za asubuhi."

"Nzuri, kaka. Mapema hivi, nyumbani kwema?"

"Kwema. Nimekuja kwa jambo."

Kaka akisema amekuja kwa jambo, ujue amelizungusha kichwani siku tatu. Nikampa kigoda. Akakikagua kwanza miguu yake, ufundi huo hauachi, ndipo akaketi.

"Wametangaza msaragambo," akasema, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. "Mtaro wa bomba, kutoka chemchemi mpaka zahanati. Wanataka uchimbwe kabla udongo haujakauka. Kila kaya hatua nane."

"Vizuri. Maji ni maji."

"Ni Jumamosi ile."

Nikaacha kutandika. Sikumwuliza ile ipi.

"Zungumza na mama asogeze," akasema. "Jumapili ni kesho yake tu. Hata kanisa limesogeza."

"Hilo la kanisa nenda ukamwambie mwenyewe. Mimi nitakaa mlangoni nisikilize."

Hakucheka. Akaniambia habari ambayo hakuwa amenieleza. Kwenye kikao cha kitongoji mtu alisimama akauliza kama Waha wameisha mpaka waongozwe na Mrundi. Kaka alikuwa pale, ameketi mstari wa mbele. "Nina karatasi ya uraia," akaniambia. "Nimejenga. Nimezika mtoto katika ardhi hii. Bado naitwa mgeni. Sasa nikose msaragambo, tena wa maji ya zahanati, watasema nini? Watasema si mliona, hawa si wenzetu. Tufunike kombe mwanaharamu apite. Mwaka huu tu."

"Mwanaharamu gani huyu, kaka? Miaka hamsini yuko njiani, hamalizi kupita?"

"Yaliyopita si ndwele," akasema, kwa sauti ya chini.

"Si ndwele kwa aliyepona!"

Nilipiga kelele. Mama wa dagaa jirani yangu akageuka. Kulikuwa na mteja amesimama na ndoo yake, nikampimia maharage kwa hasira, nikajaza kopo mlima juu ya mlima, akaondoka mbio kabla sijatulia. Kaka akainuka, akakirudisha kigoda pale alipokikuta. "Wewe unakaa mjini," aliniambia. "Unakuja siku moja, unakasirika, unaondoka. Mimi ndiye ninayebaki nao." Maneno yale yaliniuma kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake, na ukweli wa mtu mpole unauma kuliko tusi la mkali.

Ijumaa nilifunga biashara mchana nikapanda bodaboda mpaka Kumsenga. Nilimkuta mama uani na beseni la maji, majembe matatu yameegemezwa ukutani. Kikombe cha bati kilikuwa na punje moja. Tulianza kuosha. Jua lilikuwa bado lipo juu ya migomba kaka alipotokea, jembe lake begani, limenolewa, mpini mpya. Mama akamnyoshea mkono alipokee aliweke na mengine.

Kaka hakulitoa.

"Mama, kesho natakiwa mtaroni," akasema. "Nimeambiwa nitangulie, watu wanione."

"Kesho ni siku ya baba yako."

"Najua, mama. Nakuomba tuiweke Jumapili."

"Oya," mama akasema. Ndiyo hapana ya kwao, na mama akiisema haina mlango wa nyuma. Akarudi kwenye beseni, akaendelea kusugua.

Hapo ndipo mimi niliharibu, au nilitengeneza, mpaka leo sijui. Nilisimama nikamwambia kaka yote niliyokuwa nimeyabeba tangu sokoni. "Wewe ulimwona!" nikamwambia. "Ulimwona baba kwa macho yako, alikushika, unaijua sauti yake. Mimi sikupewa hata hilo. Na mimi nisiyemjua ndiye ninayeishika siku yake, wewe uliyemjua unaiuza kwa kura za kitongoji!"

Kaka akaliweka jembe chini. Aliliweka taratibu, kama anavyoweka kila kitu, kisha akakaa juu ya ngazi ya mlango na mikono yake ikawa haina pa kwenda.

"Unajua ni nani aliyemwita?" akaniuliza.

"Wale watu. Mama anasema kila mwaka. Wakamwita."

"Wao hawakumwita. Wao walikuwa uani kwetu, wawili, walikataa hata kiti. Niliyemwita ni mimi." Alikuwa anaangalia beseni. "Nilikimbia mpaka bondeni. Nikamwambia, baba, njoo, kuna wageni. Akauliza, wageni gani? Nikamwambia wana gari. Nilikuwa nimefurahi, mdogo wangu. Nilikuwa sijawahi kuona gari karibu namna ile. Akalikita jembe kwenye tuta, akanipandisha mabegani. Nimerudi nimekaa mabegani kwake, nashangilia gari."

Nikachukua jembe nililokwisha kuliosha, nikaanza kuliosha tena. Mimi, mwenye maneno ya kujaza soko.

"Kila mwaka tunakaa hapa," kaka akaendelea, "mama anasema wakamwita, wewe unaitikia kwa kichwa, na mimi nahesabu dakika ziishe. Sitaki kuisahau, msinidhanie vibaya. Siwezi kuisahau. Nataka mwaka mmoja tu niamke siku hiyo nikachimbe shimo na watu wengine, nichoke, nilale."

Mama alikuwa ameacha kusugua. Mikono yake ilikuwa bado ndani ya maji.

"Mwana wanje," akasema, mwanangu, kwa lugha ya kwao. "Wewe hukujipeleka. Mimi ndiye niliyekutuma."

Kaka akainua kichwa.

"Walisema ni mkutano, atarudi kabla ya jioni. Nilikwambia, kimbia ukamwite, tusiwaweke wageni. Niliona aibu wageni kusimama." Mama aliongea bila haraka. "Nilidhani umesahau. Ulikuwa mdogo, na njiani hukuuliza kitu. Nikasema, Mungu amefanya vizuri, mtoto ameponyoka, nitalibeba mwenyewe. Ndiyo maana nasema wakamwita. Nilikuwa nakuficha."

"Na mimi nilidhani hujui," kaka akasema. "Nilidhani hujui kwamba alikuja kwa sauti yangu."

Miaka hamsini na zaidi, mama anamficha mtoto, mtoto anamficha mama, na mimi katikati yao napiga ngoma kwamba nyinyi hamkumbuki kama mimi. Niliona haya. Ninaandika hivyo bila kupunguza: niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Kumbe niliyekuwa sijui kitu katika nyumba ile ni mimi mwenye kelele. Nilitaka kumshika kaka mkono nikaogopa, nikamshika bega, akaniacha nimshike.

Baadaye mama alikausha mikono. Hakumbembeleza kaka, na hakumlazimisha. "Kesho fanya utakavyoona," alimwambia. "Mimi siwezi kukuhukumu kwa siku niliyokutia mimi. Lakini siku haisogei. Walimchukua Jumamosi, hawakumchukua siku iliyotufaa." Kaka akachukua jembe lake akaenda kwake. Nilisukuma majembe yetu matatu chini ya kitanda, tukala, tukalala.

Asubuhi tulisikia sauti za watu wakielekea chemchemini, vijana wakitaniana, majembe yakigongana. Niliwasha moto nikainjika maharage. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba kaka akienda sitamlaumu, na nilikuwa najilazimisha kuliamini hilo. Ndipo akaingia uani. Amevaa shati lake la kanisani. Jembe mkononi limeoshwa, mpini bado una maji. Alipita mbele yetu bila salamu, akaingia chumbani kwa mama, nikasikia chuma kikigusa chuma chini ya kitanda. Akatoka.

"Twendeni," akasema.

"Wapi?" nikamwuliza.

"Mtaroni."

"Bila jembe?"

"Bila jembe. Tukikaa humu ndani watasema tumejificha. Kwa nini tujifiche? Tumemuibia nani?"

Jamani, nilimpenda kaka yangu pale! Nilifunga kanga ya pili haraka haraka nisije nikaachwa. Mama alitaka kwanza kitenge chake cha sikukuu, tukamsubiri. Tukatoka watatu, mama katikati ameshika fimbo, sisi mikono mitupu, tukiupanda mlima wa kwenda chemchemini polepole huku watu waliochelewa wakitupita na kutusalimu na kugeuka kutazama tena.

Mtaro ulikuwa umeshaanza. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amepima kwa hatua na kuchomeka vijiti, kila kaya kati ya vijiti viwili, na watu walikuwa wamezama mpaka magotini. Palikuwa na pengo moja tu, majani yamesimama, kulia wanachimba, kushoto wanachimba. Ndilo letu. Tulisimama pembeni yake. Kelele za majembe zikapungua, moja, nyingine, kama mvua inavyokatika.

"Fundi, jembe liko wapi?" mwenyekiti akauliza, bado kwa utani.

Kaka alipaza sauti. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, hata kwa wanagenzi wake. "Wazee wangu, ndugu zangu, mwakeye," akasema, salamu ya Kiha, na wengine wakaitikia kwa mazoea. "Leo nyumba yetu hailimi. Siku kama ya leo baba yetu alitolewa shambani kwake, na mimi nilikuwepo, hajarudi mpaka leo. Hatuna kaburi lake. Tuna siku hii. Hatua zetu nane zibaki hivyo hivyo, na Jumatatu tutazichimba wenyewe, na mkitaka mtuongezee nane nyingine. Lakini leo, hapana."

Mtu mmoja ndani ya mtaro akasema, si kwa sauti ya kificho, "Si niliwaambia? Mambo ya Kirundi hayo." Kaka alimsikia. Nilimwona akimsikia. Nikafungua mdomo, mnanijua, nilikuwa tayari nimeshachagua neno. Kaka akanishika mkono.

"Ndiyo," akamjibu yule mtu. "Ni mambo ya Kirundi. Na mimi ni Mtanzania. Yote mawili, na leo nimekuja na yote mawili."

Mtendaji wa kijiji alikuwa kijana, si mtu wa huku, alikuwa amehamishiwa karibuni na hajui Kiha wala Kirundi. Alikuwa na daftari lake la mahudhurio, limepigwa mstari katikati: waliofika, wasiofika. Alitazama daftari, akatutazama.

"Sasa ndugu zangu, mimi nawaandika wapi?" akauliza. "Mmefika, lakini kazi hamfanyi. Nikiwaweka wasiofika si kweli, nikiwaweka waliofika wenzenu watalalamika."

"Sisi tuweke waliofika," kaka akasema, "maana tumefika. Kwenye wasiofika andika baba."

Mtendaji akadhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, akabonyeza kalamu. Watu wote walikuwa wametulia sasa, wengine wameegemea mipini.

"Jina?"

Kaka akageuka akamtazama mama. Mimi nililijua jina lakini niliona si langu kulitoa. Mama akaachia fimbo yake mkononi mwangu, akasogea mpaka mbele ya kijana yule, akalisema. Jina la baba, jina la baba yake baba, na mlima. Mtendaji aliandika vibaya mara ya kwanza. Mama, asiyejua a wala be, akatikisa kichwa kwa kusikia tu jinsi alivyolitamka alipokuwa anaandika, akamrudishia silabi moja moja, akamngoja, mpaka akaridhika.

"Sasa lisome," mama akamwambia. "Kwa nguvu, hawa nao wasikie."

Kijana akasoma. Alisoma kama anavyosoma majina ya kaya zote, kwa sauti ya kazi, jina zima, na likaenda kule chini mtaroni mpaka kwa watu wa mwisho. Mama akaweka kidole juu ya maandishi, wino ukampaka kidogo, akauliza, "Ni hapa?" Akaambiwa ndiyo, mama, ni hapo.

Jumatatu tulichimba hatua zetu nane, mimi na kaka, mama amekaa kwenye kigoda akituambia tumepinda. Maji yalifika zahanati, na wanayanywa wote, na yule wa mtaroni pia. Kabla ya siku ile jina la baba yangu halikuwahi kuandikwa kwenye karatasi yoyote ninayoijua. Waliomchukua hawakuliandika, au kama waliliandika hawajatuonyesha. Na mimi sitaliandika hapa. Anayelitaka aje kijijini kwetu, aombe daftari la msaragambo, afungue ukurasa wa siku ile, upande wa wasiofika. Liko la kwanza.